Kitabu Ndani ya Kimea

Dada Avisi Thurlby hakujua Kilatini. Binti wa mtia rangi sufu, aliingia nyumba ya watawa ya Fenbeck ana miaka kumi na mitatu, na kwa miaka thelathini akaimba zaburi asizozielewa, sauti safi na kichwa kitupu. Alichokielewa ni kitabu kimoja cha sala kwa Kiingereza, kilichoandikwa na mtawa aliyekwisha kufa zamani, kwa ajili ya masista wa aina yake. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na sala ya marehemu, na juu yake wino mwekundu ulisema kwamba Papa amewapa waisomao, au marehemu wao, msamaha wa siku mia tatu za mateso ya toharani. Avisi aliisoma kila siku kwa ajili ya mama yake, aliyekufa kwa tauni bila kasisi. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Ndipo Mfalme akakosana na Papa. Amri ikaja: jina hilo lisionekane tena katika kitabu chochote, na mkaguzi atapita. Mama Mkuu akasema atalishughulikia, asiseme vipi. Juma hilohilo akahamia Dada Jokosa kutoka nyumba nyingine, mpole kupita kiasi, na kisu kidogo mkandani.

Mezani Fenbeck hakuna kusema. Mtu huomba anachotaka kwa ishara za mikono. Siku ya tatu Jokosa alimkazia macho Avisi, akafungua viganja na kuvifunga: kitabu. Kisha akapitisha kidole juu ya kidole: kisu. Avisi akaiacha sahani yake ya njegere nusu.

Saa ya maongezi ilipofika alikimbilia kwa Petronila, sista mpika bia.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Kitabu, kisu. Anataka kukichana, huyo!"

"Labda nimekosea kusoma."

"Mwenzangu, juzi nimemkuta kwenye kabati la vitabu kakiinamia kitabu cha zaburi. Kuniona tu, akakifunika! Mtu mwema anafunika zaburi?"

"Labda alikuwa anasali."

"Na kisu mkononi? Wewe Avisi utaliwa mbichi hivihivi. Hayo ni macho ya mkaguzi, nakwambia."

Hawajamaliza, Jokosa akachungulia mlangoni.

"Dada Avisi, samahani. Kile kitabu chako cha Kiingereza..."

"Sina kitabu."

"Nipe nusu saa tu, dada, nitakurudishia."

"Si kabati unalijua kuliko sisi? Katafute huko!"

Petronila akacheka kwa sauti. Jokosa akaiva uso kwa aibu, akafungua kinywa, lakini kengele ikalia na saa ya maongezi ikaisha. Siku zilizofuata, kila Jokosa akikaribia, Avisi alikumbuka kazi mahali pengine. Kitabu alikizika ndani ya gunia la kimea, nafaka iliyooteshwa ya kupikia bia, akajiona mjanja kweli.

Mkaguzi alifika Alhamisi. Alifunua vitabu vya kabatini kimoja kimoja, asipate kosa. Kila jina la Papa lilikuwa limekwanguliwa taratibu kwa ncha ya kisu, maneno ya jirani yako salama, wala ukurasa mmoja haujatoka. Avisi aliangalia, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea chumba cha bia.

Mtumishi wa mkaguzi, aliyekuwa akitafuta fedha zilizofichwa, alichoma fimbo kwenye magunia ya kimea. Ikagonga kitu kigumu.

Mkaguzi alipangusa jalada, akafika ukurasa wa mwisho, akasoma wino mwekundu.

"Kumbe! Vingine vyote mmemfuta, hapa mmemzika mzima?"

Hakusikiliza neno. Kitabu alikitupa kwenye moto wa kuchemshia bia, mbele ya macho ya Avisi. Petronila aliinamia pipa lake kama mtu asiyemjua yeyote.

Saa ya maongezi, Avisi mwenyewe ndiye aliyemtafuta Jokosa.

"Ni wewe uliyekwangua?"

"Mama Mkuu alinituma. Akasema nifanye kimyakimya, masista wazee wasilie. Kilibaki chako tu."

"Ukurasa wangu ungeubakiza?"

"Ukurasa wote, dada. Sala yote. Ni neno moja tu lingetoka."

Avisi alilia bila kujificha.

"Sasa mama yangu nitamsomea nini? Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia," alisema Jokosa. Akafungua viganja vyake na kuvifunga, kisha akapitisha kidole juu ya kidole.