Mjusi wa Kwenye Vumbi la Mbao

Wanaume wengi humkimbia mama mkwe. Randa, seremala, alikuwa akiogopa mama mkwe wake asije akaondoka.

Mama alikuja kwao kutolewa mtoto wa jicho. Tangu afike, mke wa Randa alikuwa akipika huku akiimba, na nyumba ilikuwa na raha hata watoto wa jirani walihamia ukumbini. Bandeji ilipotoka, mama alianza ukaguzi. Akaona utando wa buibui darini, akaona mvi za mkwewe, kisha akatoka hadi nyuma ya karakana, kwenye lundo la vumbi la mbao. Hapo kitu chembamba, chenye kung'aa kama kilichopakwa mafuta, kilizama vumbini.

"Nyoka!"

"Ni mjusi, mama. Ana miguu, ila midogo mno."

"Baba, macho yangu ni mapya. Ya zamani ni yako. Choma lundo hilo, ama nirudi kwangu."

Huko kwake ni nyumba alimobaki peke yake tangu mumewe afariki. Mke wa Randa akamtazama mumewe, machozi yakimlengalenga. Randa roho ikamuuma. Mijusi wale walikula mchwa, na mbao zake zilikuwa salama miaka yote. Tena hawatagi mayai, huzaa watoto wembamba kama njiti za kibiriti, na wengine walikuwa humo humo. Lakini nani ashindane na mkwe? Akatia kibiriti cha jikoni mfukoni, akachukua chekecheo, angalau awatoe kwanza.

Mama akaweka kigoda hatua chache kutoka lundoni, asimamie kazi. Mjusi wa kwanza alimwachia Randa mkia vidoleni, mkia ukabaki ukirukaruka, mwenyewe akaangukia sakafu ya saruji mbele ya kigoda. Mama akapandisha miguu juu. Mjusi akajaribu kuchimba, saruji ikamkatalia. Vijiguu vyake, vidogo kuliko punje za mchele, vikapiga makasia bure. Akachoka, akatulia, akamtazama mama. Akafumba jicho, akafumbua.

Mama akashusha mguu mmoja. Kisha wa pili. Akainama hadi kilemba kikamteleza.

"Kamenikonyeza," akasema.

"Nani, mama?" binti yake akauliza kutoka mlangoni.

"Haka. Nyoka hana kope, hilo nalijua tangu utotoni." Akarekebisha kilemba. "Tangu marehemu baba yako atutoke, hakuna aliyenikonyeza."

Binti akacheka hadi akashika kizingiti. Randa naye akacheka, japo mbele ya mkwe alijizuia sana. Mama akamkokota mjusi kwa ncha ya kanga hadi ukingoni mwa lundo, naye akazama bila hata kuaga.

"Mkwe wangu," mama akasema, akisogeza kigoda karibu na lile lundo, "hicho kibiriti kirudishe jikoni. Mwanangu anakitafuta tangu asubuhi, na mimi sijanywa chai."