Kitabu cha Bendi ya Baba

Jumanne iliyopita, saa tisa na robo alasiri, nikipekua rafu za muuza vitabu vya mitumba hapa Isiolo, mwanamke mmoja aliingia, akaulizia kitabu bora kuhusu bendi ya zamani iliyomchezesha baba yake ujanani.

"Chukua hiki, mama. Kina picha mob, tele kabisa."

"Baba haoni tena. Nataka cha kumsomea. Daktari amesema tumrudishe tu nyumbani."

Muuzaji akashusha sauti, akamsogezea kingine, kinene. "Basi hiki ndicho bora. Kinaeleza kila wimbo."

Mwanamke alikifungua, akakifunga polepole. "Hii ni Kizungu. Sisi tunajua Kiborana na Kiswahili."

"Zote ni za Kizungu, mama."

"Na hao watu si waliimba Kiswahili?"

Muuzaji aliitazama rafu. Tuliimbiwa kwa lugha yetu, tukaandikiwa kwa lugha ambayo waliocheza nyimbo zile hawaisomi.

Nilikilipia kile kinene, nikamwomba mwanamke anielekeze kwao. Kesho yake asubuhi nilikuwa mtaani kwao Kiwanjani, kando ya kitanda cha mzee, nikimtafsiria sura ya kwanza kwa sauti. Nilipositasita kwa hofu ya kukosea, mzee aliinua kiganja.

"Endelea, binti yangu. Hapo nilikuwepo."

Nikaendelea.