Mashine Yenye Mdomo Mwembamba

Wiki iliyopita nilikwenda kuchapisha barua ya kuomba kazi kwa kijana mwenye kibanda karibu na nyumba yetu, hapa Butembo. Barua yenyewe nilikuwa nimeisoma mara tisa, na njiani nikaanza ya kumi. Kijana alipowasha kompyuta yake ya kale, feni ikalia, ikatoka harufu ya vumbi linalopata moto pamoja na plastiki. Barua ikanitoka akilini. Nilijikuta nina miaka tisa tena, nimeshika kitenge cha mama, katikati ya vitu vilivyotolewa sadaka na watu tusiowajua.

Mkae nami kidogo. Jambo hili sijalisema nje ya nyumba yetu.

Baba alikuwa mwalimu. Aliugua majuma mawili tu, akafa, nami nikiwa darasa la tatu. Kati ya vitu alivyoacha kulikuwa na disketi moja nyeusi, kile kipande cha plastiki cha mraba, chepesi, ambacho watu wa zamani walihifadhia maandishi ya kompyuta. Juu yake aliandika kwa kalamu: FAMILIA. HAPANA FUTA. Wakati wa likizo alikuwa akienda kijijini Alimbongo kumsikiliza nyanya yake, na akirudi alichapa habari za ukoo kwenye kompyuta ya shule. Kompyuta hiyo iliharibika, na mashine mpya zilizoingia mjini hazikuwa na pa kutia disketi. Ndipo mama akaanza kutafuta mashine ya zamani, yenye ule ufa mwembamba usoni ambao nyumbani tuliuita mdomo.

Pa kuitafuta palikuwa kwa masista. Parokia ilipokea makasha kutoka Ulaya: nguo, sahani, viatu vilivyopoteza wenzao, na mara mojamoja kompyuta iliyochokwa na ofisi ya mbali. Masista waliviuza kwa bei ndogo ili kuwasaidia wagonjwa. Kila Jumamosi, tukishamaliza kufua, tulikwenda. Ukumbi ulinuka dawa ya nondo na sabuni ya nchi nyingine. Mama aliinama mbele ya kila mashine, akaipapasa usoni kama mtu anayempima mtoto homa.

“Iko na mudomo?” aliuliza.

“Hii hapana, mama. Hii iko ya CD,” muuzaji akajibu.

Jumamosi moja mama mmoja muuzaji alishindwa kujizuia, akaitaja kompyuta na siku yenyewe kwa Kifaransa, kama tulivyozoea. “Eh, Mama Masika! Hii ordinateur unatafuta kila samedi, itakutwangia muhogo?”

“Ya kutwanga niko nayo,” mama akajibu. “Njo huyu, huyu hapa.” Akanionyesha mimi. Ukumbi mzima ukacheka.

Kisha kila mara mtu aliuliza, lakini ndani ya hiyo disketi kuna nini? Mama aliweka kikapu chini na kueleza. Alieleza kwa muda mrefu, na wauzaji walisikiliza huku wakikunja nguo. Mimi sikusikia hata neno. Nilikuwa nimeshughulika na kuogopa.

Kwa maana disketi ile niliiharibu mimi. Ilikuwa na kifuniko kidogo cha chuma kilichoteleza pembeni na kurudi chenyewe, tak! Nilipenda mlio huo. Mchana mmoja, mama akiwa sokoni, nilikisukuma nione maneno ya baba yanafanana vipi. Ndani kulikuwa na duara jembamba la rangi ya kahawia, bila neno lolote. Nikaligusa. Nilikuwa nimetoka kula ndizi za kukaanga, na kidole changu kikaacha alama ya mawese. Nikaifuta kwa pindo la nguo na mate kidogo, nikafuta tena kwa nguvu, mpaka nikaona mkwaruzo. Keshoye nikamwuliza mwenzangu wa darasani, ambaye mjomba wake alitengeneza redio, kana kwamba nauliza habari za mtu mwingine. Akasema, “Ukigusa ndani, maneno yote inakufa.”

Tangu siku hiyo, mama aliomba Mungu ampe mashine, nami kitandani kwangu nilimwomba asimpe. Niliwaza sana Mungu atafanya nini na maombi mawili kutoka nyumba moja.

Likizo moja sista akatuambia kwamba mjini Beni kumefika makasha mengi. Tukashuka kwa gari la abiria hadi kwenye joto la huko, tukipishana na malori ya kakao. Ghala la parokia lilisimamiwa na mzee mmoja, Papa Muhindo. Mama akaanza upande wa mlango, nami nikatumwa nyuma, kwa kuwa macho yangu yalikuwa makali.

Niliiona mara moja. Ilikuwa chini ya meza, nyeupe iliyogeuka manjano, na usoni ina mdomo mwembamba na kitufe chake. Jirani yake kulikuwa na koti zito la baridi, koti ambalo Beni hakuna atakayelinunua mpaka dunia iishe. Nikaifunika.

“Uliona kitu?” mama akauliza aliponifikia.

“Hapana, mama. Hakuna.”

Akaniangalia. Akainama, akainua koti. Nikafumba macho, na nilipofumbua, kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya ule mdomo, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Akabonyeza kitufe. Kisha akairudishia koti, akachomeka mikono ya koti pande zote, kama anavyofunikwa mtoto.

“Papa Muhindo, wasingya,” akashukuru. “Tutarudia siku ingine.”

Nilijiambia kwamba hakuutambua. Nilijiambia hivyo miaka mingi, bila kujiamini hata mara moja.

Mwaka jana, siku niliyotetea kazi yangu ya mwisho chuoni, nilimkuta mama uani akichambua maharage, nikamwambia yote: mawese, mate, koti.

“Mawese?” Hakuinua macho. “Nilisikia harufu yake siku ile ile. Mi niko mama yako ama niko muzungu?”

“Na ile mashine ya Beni?”

“Ilikuwa nzuri. Kabutoni kake kalikuwa kanarudi muzuri.”

“Sasa juu ya nini uliiacha?”

Alitupa punje mbovu mbili. “Kama disketi imekufa, ningejua imekufa. Kama iko nzima, ningesoma siku moja, namaliza. Kisha samedi nitaenda wapi?”

Ndipo nikaelewa. Matanga yalipokwisha, ndugu walimwambia inatosha, amwache marehemu apumzike. Nyumbani alinyamaza kwa ajili yangu, mtoto niliyeshtuka kila jina la baba lilipotajwa, na hakika hakutaka kunizidishia hofu. Kwenye maghala ya sadaka tu ndipo mtu alimwuliza habari za mumewe. Wauzaji wa makoti na sahani, Butembo na Beni, walimjua baba yangu kuliko mimi niliyesimama pale pale nikiogopa.

Nikavuta kigoda.

“Mama,” nikasema, “ndani ya hiyo disketi kuna nini?”

Akauweka ungo chini. Akapangusa mikono, polepole, akaanza na Alimbongo, kwa nyanya mmoja aliyekuwa na ng’ombe kipofu.