Viza ya Kupita Tu

Nilikuwa namwonyesha mama mmoja wa Makwale mihuri iliyojaa kwenye pasipoti yangu, nikijigamba duka zima lisikie, wakala wa tiketi aliponikatiza: "Mzee, hiyo yako nayo imeshakwisha muda." Foleni ikacheka, nami nikacheka nao.

Kicheko hakikudumu. Binti pekee wa mama huyo ameolewa Barbados, na anakaribia kujifungua uzazi wake wa kwanza. Miezi miwili nyuma, tulipotoka kanisani, mimi ndiye niliyemwambia, "Kule Mtanzania haombi viza. Chanja homa ya manjano, panda ndege." Akanishukuru, "Ndaga fijo, tata." Akachanja, akatulia, akangoja siku.

"Kisiwani kweli hawadai viza," wakala akamwambia taratibu. "Ila ndege utabadilishia Ulaya, na hapo wanadai viza ya kupita. Majibu huchukua wiki kadhaa."

"Mimi napita tu, sikai," mama akasema, akiikunja na kuikunjua kadi ya chanjo. "Mbona pale mpakani Kasumulu tukiwa na shughuli ng'ambo wanatupisha?"

Sisi wasafiri ndivyo tulivyo: tunasimulia tulikofika, milango ya katikati tunaisahau. Nikajitia kumfariji: "Usihuzunike, mama. Mwakani watamleta mjukuu, utambeba mpaka mgongo ulalamike."

Akaiweka kadi kwenye mkoba, akaufunga.

"Mjukuu nitamwona," akasema. "Aliyeniita ni mama yake."