Wembe Nilioununua Misungwi

Kwanza ulikuwa weusi kidogo tu juu ya kifundo cha mguu wa kushoto wa mama, kama masizi ya sufuria. Alikuwa akifanya kazi kiwanda cha minofu, miaka ile sangara wanapanda ndege kwenda Ulaya na sisi tunabaki na mapanki, mifupa yao. Kutwa nzima kasimama kwenye saruji yenye maji. Akirudi nyumbani Igoma na kuvua buti, mguu umevimba, ukibonyeza, kidole kinaacha shimo.

Mtaani kwetu kila mtu daktari. Huyu sukari, yule ukoma. Wengine walinyamaza, wakaacha kunywea vikombe vyetu. Hao waliwaza UKIMWI. Mama mdogo akasema, "Dada, umekanyaga dawa ya mtu. Mbona mguu mmoja tu?"

Mama akacheka. "Nikipata likizo nitakwenda hospitali."

Mimi na hasira zangu nikadakia, "Utangoja likizo mpaka ukatwe mguu? Twende kwa mganga!"

Mganga wa Misungwi alitaka wembe mpya. Nikaufuata dukani mimi, mbio. Mguu nikaushika mimi. Akamchanja chale juu ya ule weusi wote, akasugua dawa. Mama hakulia. Alisema tu, "Taratibu, mwanangu," utadhani mimi ndiye ninayechanja.

Chale za wenzake hupona kwa wiki. Zake ziliungana zikawa kidonda, ndipo tukaenda hospitali. Daktari akapima sukari, ukoma, UKIMWI: hakuna hata kimoja. Akasema ni mishipa. Kwa kusimama sana damu inashuka, kupanda inashindwa, inavujia chini ya ngozi na kuacha rangi. Angefunga bendeji, angeinua mguu akipumzika, angezeeka na doa lake.

"Ngozi ya hivi haichanjwi," akafoka. "Nani kafanya hivi?"

"Nilijichanja mwenyewe," mama akasema. Hakunitazama.

Mwenye kidonda hashiki samaki, kiwanda kikamwachisha kazi. Nilimwosha kile kidonda asubuhi na jioni, miaka. Hakikufunga. Nilichoka, jamani, na yeye alichoka, akafa nacho.

Siku ya kumwosha maiti, mama mdogo aliuona mguu akaangua kilio. "Aliyemfanyia dada yangu hivi, Mungu anamwona!"

Nilikuwa nafunga bendeji safi.

"Ananiona, mama mdogo," nikasema.