Mwambie Bibi Yako Afunge Mtungi

Mwezi uliopita fundi alikuja kunifungia jiko katika nyumba niliyopanga karibu na ofisi zetu za Mtumba. Alipofungua mtungi kwa mara ya kwanza, kabla hajapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, ilinifikia ile harufu ya gesi, kama kabichi iliyooza kwenye kikapu. Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilicheka peke yangu mpaka fundi akageuka kuniangalia. Nilimwambia aendelee tu na kazi yake, maana habari za baba yangu na bibi yangu huwezi kumsimulia mtu aliyeshika spana. Wewe umetulia, kwa hiyo nitakusimulia.

Tulikuwa tunakaa Mkonze, wakati ambao ukitoka nje ya uzio unakutana na vichaka vya miiba na mbuzi wa watu kabla hujakutana na nyumba ya jirani. Baba alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali pale mjini, Mgogo wa kupenda nguo zilizonyooshwa. Mama alikuwa mwalimu, Msandawe kutoka Chemba. Mimi Monika nilikuwa mtoto pekee, darasa la nne, mwenye mdomo mrefu kuliko umri wangu.

Jiko la baba lilikuwa na plate tatu za gesi, moja ya umeme, na oveni chini yake. Alilinunua jipya, na kwa kuwa lilikuwa jipya, lilikaa sebuleni. Usicheke, nyumba nyingi zilikuwa hivyo. Mama alilifunika kwa kitambaa cha kufuma, juu yake akaweka maua ya plastiki, na wageni walipokuja walilisifia kabla hawajauliza habari za nyumbani. Chakula chenyewe tulikuwa tunapika uani kwa mkaa, na moshi ukigeuka tunahamia upande wa pili wa jiko.

Kilicholitoa jiko sebuleni ni kifua cha bibi. Mama yake mama alikuwa amepikia mafiga tangu akiwa msichana, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, na sasa alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Daktari alisema wazi kwamba bibi akiendelea kuvuta moshi, kifua hakitamwacha salama. Mama akamleta kwetu. Bibi alikubali kuja, lakini alitoa sharti moja.

"Nitakaa," alisema, "ila sitalishwa. Nyumba nisiyopika, hiyo nimekuja kutembea tu, nitarudi kwangu."

Mkaa ulikuwa na moshi wake, kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine. Maua ya plastiki yakaondolewa, fundi akaitwa, jiko likafungwa jikoni. Mtungi ulisimamishwa wima pembeni, mbali na moto, na plate ya umeme ikapata soketi yake yenyewe ukutani. Baba alimfuata fundi nyuma nyuma akiuliza kila kitu, kama anavyouliza dereva aliyekabidhiwa gari geni. Mama alimfundisha bibi siku ya kwanza. Siku ya pili akaitwa kwenye semina ya walimu Morogoro, akafunga begi, akaondoka.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu nyumbani tulibaki mimi, baba na bibi, na wale wawili walikuwa hawasemezani.

Hawakuwa wamegombana. Walikuwa wanaheshimiana. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na bibi alikuwa ameyashika hayo kuliko alivyoshika kitu kingine chochote. Baba akiingia sebuleni, bibi anatokea mlango wa nyuma. Bibi akiwa jikoni, baba anaishia koridoni. Tangu amwoe mama, walikuwa hawajawahi kuambiana hata neno moja. Mama ndiye aliyekuwa akipeleka na kurudisha maneno, na mama alipoondoka, kazi hiyo ikawa yangu.

Niliipenda kazi ile, nisikufiche. Baba anasimama koridoni, bibi yuko jikoni, kati yao lipo pazia la maua mekundu, na mimi nimesimama palepale penye pazia, mguu mmoja huku, mwingine kule.

"Monika, mwambie bibi yako awashe kiberiti kwanza, ndipo afungue gesi. Asianze na gesi."

"Bibi, baba anasema uwashe kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi."

Bibi, ambaye alikuwa hatua mbili kutoka kwa baba na masikio yake yalikuwa mazima kabisa, alisubiri mpaka nimalize. Ndipo alipoitikia, "Ahaa!" kama mtu aliyepokea habari kutoka Dar es Salaam.

"Mwambie ile ya umeme haitoi moto wa kuonekana, isije ikamuunguza. Na asiiguse akiwa na mikono iliyolowa."

"Mwambie baba yako," bibi akajibu, "moto usioonekana sina haja nao. Hiyo abandike maji yake ya kuoga."

"Mwambie akimaliza kupika asizime jiko tu. Afunge na mtungi. Mwambie bibi yako afunge mtungi!"

Hilo la mtungi nililipeleka kila siku, asubuhi na jioni, mpaka nikawa naliota. Na baba akawa ananikumbusha lile alilofundishwa na fundi: ukisikia harufu, usiwashe kitu na usizime kitu, hata taa, maana cheche ya swichi peke yake inatosha. Fungua madirisha, funga mtungi, toka nje. Niliyasema yote hayo kwa sauti ya mwalimu, huku bibi akiitikia kwa adabu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hawakunituma. Swichi ya taa ya jikoni haikuwa jikoni. Aliyejenga nyumba ile, anajua mwenyewe alikuwa anawaza nini, aliiweka koridoni. Bibi alikuwa mgumu sana wa kuwasha taa, aliona ni kuchezea umeme wa watu, na giza likianza kuingia aliendelea kupika hivyo hivyo kwa kukisia. Baba akirudi kazini alikohoa kidogo ili bibi ajue anapita, akabonyeza swichi, akaenda zake chumbani. Kila jioni alifanya hivyo. Bibi alisimamisha mwiko mpaka hatua ziishe, halafu akaendelea kusonga kwenye mwanga.

Na kusonga kwenyewe ndiko kulikoleta shida. Ugali wa bibi ulikuwa wa uwele, mzito, na aliusonga kwa mabega na kiuno. Mafiga ya Chemba yalikuwa yamechimbiwa ardhini, hayakwenda popote. Jiko letu lilikuwa limesimama kwenye vigae. Bibi akisukuma mwiko, jiko linapiga hatua. Baada ya siku chache lilikuwa limeachana na ukuta na linaelekea dirishani, nikampa baba taarifa kwamba jiko letu linahama.

"Mwambie bibi yako asonge polepole."

"Mwambie baba yako," ulikuja ujumbe, "ugali haubembelezwi."

Ilikuwa jioni ya kuamkia siku ambayo mama angerudi. Bibi alimaliza ugali wake, akazima moto, akaupakua ugali. Alikuwa hajafikia kufunga mtungi. Akaona jiko limesogea mno, akalisukuma kwa nyonga lirudi mahali pake. Nyuma kule mpira wa gesi ulibanwa, ukachomoka. Nilisikia mlio mwembamba, kama mtu anayenyamazisha mtoto kanisani, halafu ile harufu ikatufikia.

Jikoni mlikuwa na giza la magharibi. Bibi aliinama kutafuta mtungi kwenye kona, kikohozi kikamkamata, akashika ukuta. Wakati huohuo geti likalia. Nikasikia viatu vya baba vinaingia koridoni, na kile kikohozi chake kidogo cha heshima.

Bibi alinyanyua kichwa, akanitazama. Nilielewa kabisa, ulikuwa ujumbe kama mwingine wowote, na mjumbe nilikuwa mimi. Lakini ulimi uligoma.

"Baba Monika! Usiwashe taa! Acha mkono!"

Sikuwahi kusikia sauti ile. Ilikuwa sauti ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa bonde, na ilitoka kwenye kifua kilichokuwa hakina pumzi ya kumaliza sala. Baadaye baba alisema kidole chake kilikuwa kimeshaigusa swichi.

Pazia likafunguliwa. "Monika, nje!" Nilipita chini ya mkono wake kama kifaranga. Nikiwa uani nilimwona kupitia mlango wa nyuma, akiwa na shati lake lililonyooshwa, amepiga magoti nyuma ya jiko, anafunga mtungi. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo nalifikiria. Alimshika mama mkwe wake mkono, akamzungushia mwingine mabegani, akamtoa nje taratibu.

Akamkalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akamletea maji kwenye kikombe, akafungua madirisha kutokea nje, akarudi. Bibi alikohoa, akanywa, akakohoa tena, akatulia. Baba alisimama pale mikono ikiwa haijui pa kukaa. Hapakuwa na pazia wala mlango wa kutokea. Mwishowe akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Bibi aliangalia chini. "Marahaba, baba."

Kisha akanigeukia mimi. "Monika, mwambie baba yako kesho anitafutie basi la Chemba. Nimemharibia jiko, na heshima yake nimeivunja."

Nilianza, "Baba, bibi anasema..."

"Mama, mimi nipo hapa," baba alisema. "Niambie mwenyewe."

Baba akachuchumaa, akawa chini kuliko bibi.

"Ukirudi Chemba unarudi kwenye moshi. Mama Monika anakuja kesho, nimwambie nini? Na jiko hukuliharibu wewe. Fundi aliniuliza kama kuna mtu anasonga ugali mzito hapa, ili alifunge jiko ukutani kwa mnyororo. Nikamwambia hapana, sisi hapa tunapika wali na chai."

Bibi akainua uso na kumtazama, kwa mara ya kwanza nadhani. "Wewe? Mgogo? Wali?"

"Niliona aibu, mama."

Bibi akaanza kucheka. Alicheka na kukohoa kwa pamoja, akasema maneno ya Kisandawe yale yanayogongwa kwa ulimi, ambayo mama hakuwahi kukubali kunitafsiria. Baba naye akacheka, kwanza kwa woga, kisha kama mtu mwenye nyumba yake. Ule ugali tulikuja kuula ukiwa wa baridi, uani, watu watatu kwenye sinia moja, na basi la Chemba hakuna aliyelitaja tena.

Kesho yake asubuhi fundi alikuja. Alibadilisha mpira, akaweka vibano vipya pande zote mbili, akalifunga jiko ukutani kwa mnyororo, akapaka povu la sabuni kwenye maungio na kutuonyesha kwamba halivimbi, yaani gesi haivuji. Halafu baba akamwomba bibi asonge ili jiko lijaribiwe. Fundi aliangalia mwiko unavyokwenda, akajishika kiuno.

"Mama, huu ni ugali au unakoroga zege?"

Mama aliingia mchana na begi lake begani. Alisimama koridoni, kwa sababu jikoni alisikia sauti ya mama yake na sauti ya mume wake zikibishana juu ya chumvi ya mlenda. Nilimwona akiangalia pazia, akiniangalia mimi, akikaa chini palepale sakafuni na viatu vyake. Bibi hakuiacha mila ipite bure. Alidai kanga ya kufunguliwa mdomo, na baba aliinunua, nzuri kuliko zote alizowahi kumnunulia mama, jambo ambalo mama hakuliacha lipite bure vilevile.

Mimi nilinuna. Kazi yangu ilikuwa imeisha, na niliona wamenidhulumu. Kwa akili yangu ya darasa la nne niliamini kwamba bila mimi wale watu wasingeelewana, na sasa hakuna aliyenihitaji pale penye pazia.

Ilichukua miaka mpaka nikaelewa nilichokiona jioni ile. Nilijua bibi aliokoa maisha yetu, hilo hata mtoto aliliona. Sikujua alikuwa ametoa nini. Kwa mwanamke kama yeye, kumpigia mkwe kelele, kumwita, kumwamuru, ilikuwa ni kujivua nguo mbele za watu. Alipoomba basi la Chemba hakuwa anaogopa jiko. Aliamini hana tena uso wa kukaa katika nyumba ile, na baba alikuwa amelielewa hilo mara moja, ndiyo maana alichuchumaa na kuitoa aibu yake mwenyewe, akaiweka pembeni ya ile ya bibi. Nampenda baba yangu kwa mambo mengi, lakini kwa hilo zaidi.

Bibi yupo. Kifua kilitulia, akakaa Mkonze, na jiko lile ndilo analopikia mpaka leo. Nilipomtembelea Jumapili nilimuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: kama alisita, pale aliponitazama nikashindwa kusema.

"Nilisita," alisema. "Niliwaza Chemba watanisemaje. Halafu nikaona, afadhali mkwe aliyenikasirikia kuliko mkwe aliyekufa akiniheshimu."