Kigari Kilichosimama Kwenye Kona

Wenzangu mliokulia Kagera enzi za redio ya mkulima na viatu vya plastiki, hebu nisaidieni, maana mwenzenu nimechanganyikiwa. Vile vigari vidogo vya utotoni mwetu vilikwenda wapi? Vile vya milango miwili na taa za duara, ambavyo mwalimu wa shule ya msingi au karani wa ushirika aliweza kununua bila kuuza shamba. Miezi miwili sasa nakitafuta kimoja, kuanzia Bukoba mjini hadi Muleba, na kila ninayemuuliza ananitazama kana kwamba nimeulizia punda wa kupanda.

Simtafutii mtu wa anasa. Namtafutia mama yangu, ambaye ana miaka themanini na kitu na anaishi Kanazi kwenye kibanja chetu, lile shamba la migomba na kahawa alimotulelea. Mdogo wake, Ma Stella, anaumwa huko Kimwani, na Mama anataka kumwona wakiwa bado wote wawili wako hai. Lakini magoti ya Mama hayapandi tena. Magari ya siku hizi yako juu kama vitanda vya hospitali, na mara ya mwisho alipojaribu kushuka kwenye moja alianguka, akalala ndani wiki nzima. Ndipo akaniambia, "Koku, nitafutie gari kama la baba yako. Lile nilikuwa nalikalia kama kigoda."

Nikaingia kwenye kumbukumbu kabla ya kuingia sokoni.

Baba alikuwa karani wa ushirika, akipima kahawa. Kigari alikinunua kwa padre mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Kilikuwa na rangi ya maziwa, viti vya plastiki, na harufu ya petroli iliyochanganyika na kahawa mbichi. Jumapili tuliingia sisi watoto watano, Baba, Mama, na shangazi mmoja aliyejiita mwembamba, tukaenda misa na kurudi, na sikumbuki mtu yeyote aliyelalamika nafasi. Asubuhi za baridi kiligoma kuwaka, tukakisukuma sote hadi mteremkoni, kikakohoa mara tatu na kuondoka, nasi tukakikimbilia kwa shangwe huku tope jekundu limetupaka hadi magotini.

Jumamosi Baba alikifungua. Hakuwa fundi na hakuwahi kwenda kwa fundi. Alikata jani bichi la mgomba, akalitandaza uani, na kila kipuri alichokitoa alikilaza juu ya jani kwa mpangilio ule ule wa kuvitoa, kuanzia kwenye ncha hadi kwenye shina. Akimaliza kusafisha, alirudisha kuanzia shinani kwenda nchani. "Jani ndilo litakukumbusha," alisema kila wiki, kana kwamba hatujawahi kusikia. Kazi yetu sisi ilikuwa kufukuza kuku. Siku moja tulizubaa, tetea wa Mama akadonoa nati ndogo na kuimeza. Baba alimtazama kuku, akamtazama Mama, na jioni ile tukala kuku bila mgeni wala sikukuu. Nati ilirudi mahali pake. Mama hakusema na Baba mpaka Jumatatu.

Kijana wangu Mugisha, niliyemsomesha kwa chaki ya ualimu wangu, hajui boneti inafunguliwa wapi. Anajua kuegemea gari la mwenzake na kupiga picha. Nilipomwomba anitafutie kigari kwenye simu yake, alicheka, akasema, "Mama, vile vimepitwa. Nani atapanda?" Nikamwambia bibi yake atapanda. Akatafuta kweli, akapata picha nyingi na hakuna gari.

Nikaenda mwenyewe kwa muuza magari mjini. Alinikaribisha vizuri, akanieleza kwamba kigari kidogo kinamwachia faida ndogo na kinakula nafasi uwanjani kama kikubwa, basi kwa nini akilete? Nikaelewa. Nikaenda Muleba kwa fundi anayesifiwa, naye akasema tatizo si wauzaji, ni viwanda, kwani siku hizi gari haliruhusiwi kutoka kiwandani bila mifuko ya hewa ya kukinga abiria, vipima moshi na kompyuta, na ukishatia vyote hivyo gari si dogo tena wala si la bei ndogo. Nikaelewa pia. Jirani yangu wa Hamugembe akasema ni ushuru, unavyozidi kwa magari yaliyozeeka. Mwingine akasema ni sisi wenyewe, tunataka kuonekana. Kila mmoja alisema kweli, na nilipoziweka kweli zote pamoja nikazidi kuchanganyikiwa. Kitu kilichokuwa kinafanya kazi, kinachotengenezeka uani kwa spana tatu na jani la mgomba, kinakufaje wakati wanaokihitaji tupo?

Mimi nilikuwa na jibu langu, alilotupa Baba mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha pili alikiuza kigari na kurudi kwenye baiskeli, akatuambia vipuri vimeadimika. Jibu hilo nimelitoa maisha yangu yote, hata darasani.

Hali ya Ma Stella ilipozidi, nikaacha kutafuta, nikakodi gari. Hapo tukakutana na tatizo ambalo mtu wa nje ya kwetu hatalielewa. Mama alikuwa amekata mkungu. Nani anakwenda kwa mgonjwa mikono mitupu? Na si ndizi za kununua sokoni, bali mkungu wa kibanja ambacho wote wawili walikipalilia kabla Ma Stella hajaolewa. Dereva, kijana mpole, akauangalia mkungu ulivyokuwa unatoa utomvu pale ulipokatwa, akarudi nyuma hatua moja.

"Bibi, samahani, ndizi haziingii. Utomvu ukigusa kiti hautoki, na bosi ananifukuza."

"Basi na mimi siingii," Mama akasema, akakaa kwenye kigoda chake.

Katika kigari cha Baba mambo haya hayakuwepo. Utomvu ukidondoka kwenye kiti cha plastiki, Baba alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akafuta, yakaisha. Mkungu mkubwa ulikwenda juu ya paa, umefungwa kwa kamba za mgomba. Nilimweleza dereva haya yote kwa hasira, naye aliniitikia "ndiyo, mwalimu" kwa adabu bila kubadilisha neno. Mwishowe tuliuzungushia mkungu magunia mawili na nailoni, tukaulaza nyuma. Mama akapanda juu ya kigoda, mimi nikimsukuma na dereva akimvuta, na kigoda nacho kikasafiri, maana pasipo hicho asingeshuka.

Njia nzima nilisema. Nilisema vijana hawa wanadharau vitu vidogo, wanataka magari marefu wakati mifuko yao ni mifupi, wao ndio walioua vigari. Dereva akaongeza sauti ya redio kidogo. Mama alikuwa anatazama dirishani. Tulipopita Muleba na kukaribia shule niliyosomea sekondari, akamgusa dereva begani.

"Simama hapo kwenye kona."

Nikadhani amechoka. Lakini hakutaka kushuka.

"Unapakumbuka hapa?" akaniuliza.

Nilipakumbuka. Kidato cha pili, siku ya kufungua shule, Baba alinileta hadi getini na mkungu juu ya paa, zawadi ya walimu. Wenzangu walikuwa wanashushwa kwenye magari marefu ya maofisa. Kigari chetu kilizimika pale pale getini, ekzosi imefungwa kwa kamba ya mgomba. Niliposhuka kumsaidia Baba kuteremsha mkungu, utomvu ulinidondokea kwenye blauzi nyeupe. Mnajua utomvu: haukutoka mpaka blauzi ikawa tambara. Wasichana waliniita Mkungu muhula mzima. Likizo iliyofuata, wakati wa kurudi shule, nilimwomba Baba anishushe kwenye kona, nitembee mwenyewe. Nilisema nataka kunyoosha miguu.

"Nakumbuka, Mama."

"Alikaa hapa akikutazama mpaka ulipoingia getini. Akarudi nyumbani, hakula. Wiki ile ile akakiuza. Aliniambia, 'Koku anakionea aibu. Leo ni kigari, kesho itakuwa sisi.'"

"Lakini si vipuri, Mama? Alisema vipuri vimeadimika."

"Vipuri?" Mama akanigeukia polepole. "Waitu, mwanangu, vipuri vilijaa sanduku zima. Liko chini ya kitanda mpaka leo."

Dereva alizima redio. Baba amelala kwenye kibanja miaka kumi na moja sasa, na hakuna wa kumwomba radhi.

Tulifika Kimwani. Ma Stella alikuwa amekalishwa mlangoni kutusubiri. Kabla ya kumshika mkono dada yake, aliupapasa mkungu, akauliza kama ni wa upande ule wa juu, karibu na miti ya kahawa. Mama akasema ndio huo. Wakalia kidogo, wakacheka sana, na mimi nikaenda nje nikamwomba dereva msamaha kwa maneno ya njiani. Alishangaa. Hakuwa amejua kwamba nilimkosea.

Jioni, tuliporudi Kanazi, nilipiga magoti nikalivuta sanduku. Plagi zilikuwemo, na mkanda wa feni, waya wa akseleta, nati za kila kipimo, kila kimoja kimefungwa kwenye jani kavu la mgomba na kupangwa kwa mpangilio wa Baba, kuanzia nchani hadi shinani. Mama alinimulikia kwa tochi.

Enzi zetu tulikuwa na kigari kilichotosha watu wanane na mkungu juu, na tukaomba kituache kwenye kona. Leo ninavyo vipuri vyote, hata kimoja hakijapotea, na mama yangu anahitaji kigoda ili apande gari. Mugisha ameniuliza kama nimeshajua vigari vilikwenda wapi. Nimemwambia bado naulizia.